Katindo: kambi ya askari katika mji wa mpakani

Katindo ni mtaa, au kartie kama wasemavyo wenyeji, ulio katika komini ya Goma, jimbo la Kivu Kaskazini. Ardhi yake, kama ilivyo karibu Goma yote, ni makoro, yaani mawe meusi ya volkano yanayokata viatu na kuvunja majembe. Mtaani humo mna nyumba za raia, shule, makanisa na maduka, lakini mtu wa Goma akitaja Katindo bila kuongeza neno, msikilizaji hufikiria kwanza kambi ya jeshi. Hapo ndipo askari wa serikali walipokaa, hadi mji ulipotwaliwa mwaka 2025, na wake zao, watoto wao, na mara nyingi wajane wa wenzao waliokufa vitani. Karibu na kambi iko hospitali ya kijeshi inayopokea majeruhi kutoka Sake, Masisi na Rutshuru kila vita vinapowaka.

Kambi ndani ya mji si jambo la ajabu Kongo, na kila mji wenye historia ya ukoloni unayo. Ya Goma ina neno la pekee kwa sababu ya mahali ilipo. Kutoka katikati ya mji hadi mpaka wa Rwanda ni mwendo mfupi wa miguu, na jeshi lililowekwa kulinda mpaka huo limeukimbia mji au kuugeuka mara kadhaa katika miaka 30 iliyopita: mwaka 1996, 1998, 2012 na 2025. Kuanguka huko huelezwa mara nyingi kwa nguvu ya adui, na nguvu hiyo ilikuwapo kweli. Lakini sehemu ya maelezo iko kambini kwenyewe, katika namna kila utawala ulivyomweka askari, ulivyomlipa, na ulivyoiacha familia yake ijitafutie.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko wengi wanavyodhani. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipojitangazia Dola Huru ya Kongo mwaka 1885, mipaka ya mashariki ilichorwa Ulaya na watu ambao hawakuwa wamewahi kuliona Ziwa Kivu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ziwani mwaka 1894 baada ya kuvuka Rwanda, na tangu hapo Wajerumani walidai kwamba mstari ule wa ramani haukufuata milima wala maji. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi pande mbili zilitazamana kwa vituo vidogo vya askari kando ya ziwa na Mto Rusizi. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana mjini Brussels: kisiwa cha Idjwi na ufuko wa magharibi vikawa vya Ubelgiji, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, na Goma ikawa kituo cha Wabelgiji kinachoitazama Gisenyi ana kwa ana. Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda hakuwa na kiti katika mkutano huo, wala watawala wa Bukumu, Bwisha na Buhunde. Mamlaka ya mwami yalifika wapi hasa upande wa magharibi ni jambo linalobishaniwa na wanahistoria hadi leo, na wanasiasa nao wamelichukua: Aprili 2023, akiwa Cotonou, Rais Paul Kagame alisema hadharani kwamba mipaka ya kikoloni iliikatia Rwanda sehemu ya ardhi yake, kauli iliyozua hasira kubwa Kinshasa.

Kwa hiyo Goma ilizaliwa kama kituo cha askari kabla ya kuwa mji wa biashara. Askari hao walikuwa wa Force Publique, jeshi lililoundwa na Leopold katika miaka ya 1880 na kurithiwa na serikali ya Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908. Jeshi hilo lilikuwa na kazi mbili, kulinda mpaka na kumtisha raia, na kazi ya pili ndiyo iliyochukua siku nyingi zaidi. Machifu walitakiwa kutoa vijana kwa idadi iliyopangwa, na kijana aliyetolewa alitumikia miaka 7, mara nyingi mbali na kwao. Umbali huo ulikuwa sera iliyokusudiwa. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao wakiitwa Watetela, waliwaua maofisa wao, na uasi ukasambaa. Baada ya hapo wakuu wa jeshi waliamua kuchanganya makabila katika kila kikosi na kuwapeleka askari mahali ambapo hawana ndugu. Askari asiye na shangazi wala mjomba katika kijiji anachokilinda, walidhani, hatasita kukipiga.

Sera hiyo ilileta mambo mawili yanayoonekana Katindo hata leo. La kwanza ni lugha. Watu wa makabila mengi wakikaa pamoja hutafuta neno moja la kuamrishana, na neno la jeshi likawa Kilingala, ingawa mashariki Kiswahili kilitumika sana vikosini katika miongo ya mwanzo. Goma ni mji wa Kiswahili. Kilingala humo kimekuwa kwa muda mrefu sauti ya sare. Mtoto wa kambini huzungumza Kilingala na baba, Kiswahili na wauza ndizi, na Kifaransa na mwalimu, na wenzake wa mtaani humtambua anakotoka kabla hajamaliza sentensi. La pili ni familia. Kwa kuwa askari alitengwa na kwao, Wabelgiji walimruhusu, hata kumhimiza, aishi kambini na mke. Mke alipika, alifua, alilima bustani, na katika safari za vita alibeba mzigo. Hivyo serikali iliokoa gharama za jiko na mpishi. Tangu mwanzo, posho ya askari ilihesabiwa kwa kudhani kwamba kuna mwanamke anayeijazia, na hesabu hiyo haijawahi kufutwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika ziwani upesi. Ubelgiji ilitumaini kwamba makoloni yake yangehesabiwa kuwa hayana upande, lakini Agosti 1914 Wajerumani walipiga bandari ya Lukuga kwenye Ziwa Tanganyika, na tarehe 24 Septemba kikosi cha Kapteni Max Wintgens kikatwaa Idjwi. Jaribio la Wabelgiji la kuichukua Gisenyi mwezi Oktoba halikufaulu. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu mstari wa Goma na Gisenyi ulikuwa wa mahandaki yaliyochimbwa kwa taabu katika mwamba wa volkano. Aprili 1916 Jenerali Charles Tombeur aliwavusha askari wake. Kigali ikaanguka mwezi Mei, na Tabora tarehe 19 Septemba. Wapagazi waliotumika upande wa Wabelgiji wanakadiriwa kuwa 260,000, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu vijijini, na wengi walikufa kwa kuhara, baridi ya milimani na uchovu kuliko kwa risasi. Majina ya maofisa yaliandikwa kwenye mabango ya mitaa. Ya wapagazi hayakuandikwa popote.

Ushindi huo uliupunguzia mpaka uzito. Rwanda na Urundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kwa miaka 40 bendera moja ilipepea pande zote mbili za kizuizi. Watu walivuka kufanya kazi, na kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni yenyewe ilihamisha familia za Wanyarwanda hadi Masisi ili mashamba ya walowezi na machimbo yapate vibarua. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1955. Ardhi waliyopewa ilikuwa na wenyewe, Wahunde, na mgogoro uliopandwa pale ndio ambao jeshi la baadaye lingeitwa kuuzima, likashindwa. Jeshi la kikoloni lilikuwa na kazi nyingine: mwaka 1944 wafuasi wa Kitawala wakiongozwa na Bushiri Lungundu waliasi katika maeneo ya Lubutu na Masisi, na Force Publique ikawazima kwa bunduki na kitanzi. Goma yenyewe ilikuwa mji mdogo wa maua na nyumba za likizo, ukiwa chini ya kivuli cha Bukavu, makao makuu ya Kivu.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960 ukilikuta jeshi la watu wapatao 25,000 ambalo halikuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Kamanda wake, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari na kuwaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Haikupita wiki moja tangu sherehe za uhuru, kambi zikaasi, kwanza Léopoldville na Thysville, kisha karibu nchi nzima. Force Publique ikabadilishwa jina kuwa Jeshi la Taifa la Kongo, kwa kifupi cha Kifaransa ANC, na masajini wakawa makanali kwa siku moja. Mmoja wao, Joseph Mobutu, aliichukua nchi tarehe 24 Novemba 1965.

Mobutu alilijua jeshi kwa sababu alilitokea, na alilihofia kwa sababu hiyohiyo. Suluhisho lake lilikuwa kuwa na majeshi mawili. Kikosi chake cha ulinzi, DSP, kililipwa vizuri na kupewa silaha mpya. Vikosi vingine viliachwa vichakae. Zaire, kama Mobutu alivyoiita Kongo, ilipoanza kufilisika katika miaka ya 1970, mshahara wa askari wa kawaida ulichelewa, ukapunguka, ukawa jina tu. Watu walikuwa na msemo wa Kilingala uliosambaa nchi nzima, kwamba raia ni shamba la askari. Ulisemwa kwa kicheko, lakini ulikuwa maelezo sahihi ya bajeti ya ulinzi: serikali haikumlisha askari, ilimpa sare, bunduki na kizuizi cha barabarani, na mavuno akajitafutia. Wazaire waliuita mtindo huo Kifungu cha 15, sheria ya kubuni inayomwambia kila mtu ajitegemee. Mobutu mwenyewe alipokuja Goma alikaa katika nyumba yake ya kifahari kando ya ziwa.

Mwaka 1988 Kivu iligawanywa kuwa majimbo matatu na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Mji ulipanda cheo, lakini kambi haikupanda nao. Septemba 1991 askari wa Kinshasa walipora mji wao kwa sababu ya mishahara. Januari 1993 walirudia, safari hii kwa sababu serikali iliwalipa kwa noti mpya ya zaire milioni 5 ambayo wafanyabiashara waliikataa. Askari aliyelipwa karatasi isiyonunua mkate aliuchukua mkate huo kwa bunduki. Kinshasa ndiyo iliyoandikwa sana, lakini somo hilo lilifika katika kila kambi ya nchi.

Kisha ukaja Julai 1994. Jeshi la Rwanda lililotekeleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi lilishindwa, na kati ya tarehe 14 na 18 watu wapatao 850,000 walivuka mpaka na kuingia Goma na viunga vyake. Kipindupindu kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 50,000 katika majuma machache, na kwa kuwa makoro hayachimbiki kwa jembe, maiti zilipangwa kando ya barabara zikisubiri matingatinga ya Wafaransa. Askari wa Zaire pale mpakani walikuwa na wajibu mmoja ulio wazi, kuwanyang'anya silaha askari wa Rwanda waliokuwa wakikimbia. Baadhi ya bunduki zilichukuliwa. Nyingi zilipita, nyingine zikauzwa na waliozichukua. Jeshi lisilolipwa lilipewa kazi ya kulinda shehena ya thamani, na likafanya biashara. Kambi za Mugunga, Kibumba na Katale zikawa makao ya jeshi lililoshindwa, umbali wa saa chache kutoka mpaka waliokusudia kuuvuka tena.

Rwanda ilijibu mwaka 1996. Muungano wa AFDL chini ya Laurent-Désiré Kabila, ukisaidiwa na jeshi la Rwanda, uliichukua Goma tarehe 1 Novemba. Askari wa Zaire walipora maduka usiku, wakapakia walichoweza, wakaondoka kuelekea Sake. Walioingia walikuwa wa namna nyingine: vijana wadogo waliovaa mabuti ya mpira, wakiitwa kadogo, na waliamrishana kwa Kiswahili. Kwa wakazi wa Goma lilikuwa jambo jipya kuamrishwa na jeshi kwa lugha ya mji wenyewe, na wengi waliwapokea kwa shangwe. Shangwe hiyo ilidumu chini ya miaka miwili. Kabila alipowaamuru wanajeshi wa kigeni waondoke nchini mwishoni mwa Julai 1998, Brigedi ya 10 iliyokuwa Goma iliasi tarehe 2 Agosti, na tangazo la uasi likasomwa redioni. Mji haukushambuliwa kutoka nje. Ulibadilika mikono ukiwa umelala, kwa sababu waliokuwa wakiulinda ndio waliouchukua.

Kundi la waasi la RCD lililotawala kutoka Goma kati ya 1998 na 2003 liliita jeshi lake ANC, jina lilelile la mwaka 1960. Liliazima pia tabia za jeshi lile. RCD ilikusanya ushuru, ilitoza koltani wakati bei yake ilipopaa mwaka 2000, ilikuwa na mawaziri na maofisa wa forodha, lakini askari wake wa ngazi ya chini walilipwa kwa nadra, na gharama ya kuwalisha ikawaangukia wakazi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ilipita uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi ziwani, ikiwaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Waliokimbilia Gisenyi walirudi baada ya siku chache tu, wakajenga juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto.

Makubaliano ya amani yaliyozaa serikali ya mpito ya mwaka 2003 yalitaka majeshi yote yaliyopigana yawe jeshi moja, FARDC. Njia iliyotumika iliitwa brasaji, neno la Kifaransa la kuchanganya kama pombe inavyochanganywa pipani. Wapiganaji walipelekwa katika vituo, kimoja kikiwa Rumangabo kwenye barabara ya Rutshuru, wakakaa majuma kadhaa, kisha wakatumwa katika brigedi mpya mbali na makundi yao ya awali. Wazo lilifanana mno na lile la baada ya 1895. Tofauti ni kwamba Wabelgiji, kwa ukatili wao wote, walikuwa na daftari la mishahara. Serikali ya mpito haikujua ilikuwa na askari wangapi. Pande zilizopigana zilidai kuwa na watu zaidi ya 300,000 kwa jumla. Hesabu zilizofanywa baadaye kwa msaada wa Afrika Kusini na Umoja wa Ulaya zilikuta chini ya nusu ya idadi hiyo. Waliobaki walikuwa askari hewa, na mishahara yao ilikuwa na wenyewe.

Fedha zilisafiri taslimu kutoka Kinshasa, zikapitia mikononi mwa makamanda, na kila mkono ulikuwa na makato yake. Kulikuwa pia na mkondo wa kupanda, ambao askari waliuita operesheni rejesho: aliye chini humrudishia aliye juu sehemu ya anachopata barabarani au machimboni, ili abaki katika cheo kinachompatia. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliofika mwaka 2005 ulijaribu kuutenga mkono wa kulipa na mkono wa kuamrisha, na baadaye serikali ikaanza kuwalipa watumishi wake kwa benki. Palipofika benki mambo yalikuwa bora. Kwenye milima ya Masisi hakukuwa na benki.

Katika miaka hiyo Katindo ilijaa kupita kiasi. Brigedi moja ikipelekwa mstari wa mbele, familia zake zilibaki. Brigedi nyingine ikija, ilikuja na familia zake. Nyumba hazikutosha, na kati ya majengo ya matofali vikaota vibanda vya mbao na maturubai yenye alama za mashirika ya misaada. Mjane hakuwa na pa kwenda. Malipo ya warithi huchukua miaka na huhitaji karatasi nyingi pamoja na safari za Kinshasa; kukaa kambini kulikuwa njia pekee ya kubaki karibu na faili la marehemu. Kwa hiyo kambi ilikuwa pia soko: wanawake waliuza makala, maharage, sambaza na kasiksi, walibeba mizigo kwa ujira, waliwalea watoto wa wenzao. Anayetaka kujua nani aliligharimia jeshi la Kongo mashariki katika vita hivi asisome bajeti peke yake, ahesabu pia meza za mbao zilizopangwa langoni mwa kambi.

Askari mwenye mke na watoto ndani ya mji anapigana akitazama nyuma. Oktoba 2008 wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, walipoukaribia mji, FARDC ilirudi nyuma kwa fujo, na usiku wa tarehe 29 baadhi ya askari walipora na kuua katika mitaa waliyopaswa kuilinda. Nkunda alisimama nje ya mji kwa hiari yake. Makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 yaliwaingiza wapiganaji wake katika FARDC bila kuwahamisha kutoka Kivu, na tarehe hiyo ndiyo iliyozaa jina la M23 pale wengi wao walipoasi tena mwaka 2012.

Tarehe 20 Novemba 2012 M23 waliingia Goma. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wapatao 1,500 waliokuwa mjini hawakuwazuia. FARDC waliondoka kwa njia ya Sake hadi Minova, na familia nyingi za askari zikabaki kambini chini ya watawala wapya, zisijue mume yuko upande gani wa mstari au kama yu hai. Kesho yake M23 waliwaita askari na polisi waliobaki kwenye uwanja wa michezo wa Les Volcans wasalimishe silaha na kujiunga nao. Huko Minova askari waliokimbia, wakiwa na njaa na bila amri, waliwabaka wanawake na wasichana zaidi ya 100 katika siku 10. Kesi iliyofunguliwa mwaka mmoja baadaye iliwashtaki wanajeshi 39. Hukumu ya Mei 2014 iliwatia hatiani kwa ubakaji wawili tu, na maofisa wengi wakaachiwa. Hakuna kipimo kibaya zaidi cha sera ya kumwacha askari ajitegemee kuliko siku zile 10.

M23 waliondoka Goma mwanzoni mwa Desemba baada ya shinikizo la kikanda, na mwaka uliofuata palionekana jambo ambalo mji haukulizoea: jeshi lililoshinda. Vikosi vilivyofunzwa upya, chakula kilichofika mstari wa mbele, na brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi iliyoruhusiwa na azimio 2098 la Baraza la Usalama viliwafukuza waasi ifikapo Novemba 2013. Kanali Mamadou Ndala, aliyekuwa akiongoza kikosi cha makomando, alibebwa na umati wa vijana mitaani. Aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani ofisa wa jeshi hilohilo kuwa miongoni mwa waliohusika. Ushindi wa 2013 unaonyesha kwamba askari wa Katindo hakuwa mwoga kwa asili yake. Alipolipwa, kulishwa na kuongozwa, alipigana.

M23 walirudi mwishoni mwa 2021, wakiungwa mkono na askari wa Rwanda ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliwakadiria mwaka 2024 kuwa kati ya 3,000 na 4,000, jambo ambalo Kigali ilikanusha. Kabla ya hapo, Mei 2021, Rais Félix Tshisekedi alikuwa ameweka hali ya dharura Kivu Kaskazini na Ituri: gavana akawa jenerali, mameya wakawa maofisa wa polisi, na kesi za raia zikapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Hatua iliyotangazwa kuwa ya siku 30 ikawa inaongezwa kila majuma mawili kwa miaka. Serikali iliwapa hadhi ya jeshi la akiba vijana wa makundi yenye silaha walioitwa Wazalendo, ikawaajiri Waromania wa kampuni za ulinzi, na Machi 2024 ikarudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo uliokuwa umesimamishwa tangu 2003. Mwezi Mei askari 8 walihukumiwa kifo mjini Goma kwa kumkimbia adui. Wakati huo mshahara wa askari wa kawaida wa Kongo ulikuwa takriban dola 100 kwa mwezi. Waromania, kwa mujibu wa mikataba iliyoonwa na vyombo vya habari, walipokea hadi dola 5,000.

Gavana wa kijeshi, Jenerali Peter Cirimwami, alijeruhiwa mstari wa mbele upande wa Sake na kufariki tarehe 24 Januari 2025. Usiku wa kuamkia tarehe 27 M23 walitangaza kuitwaa Goma, na mapigano yakaendelea mitaani kwa siku kadhaa. Umoja wa Mataifa ulitaja maiti wapatao 2,900 mjini na kwenye vyumba vya maiti. Waromania wapatao 280 walisindikizwa kupitia Rwanda na kurudi kwao. Askari wa Kongo hawakuwa na pa kurudi: wengine walivua sare na kuingia katika vikundi vya raia, wengine walikabidhi silaha kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na maelfu walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Rumangabo, kituo kilekile cha brasaji, ili wafundishwe upya na jeshi lililowashinda. Mwezi Machi, Goma ikiwa mikononi mwa M23, serikali iliongeza mara dufu mishahara ya askari na polisi wake.

Tarehe 30 Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuwaondoa Goma mamia ya askari na polisi walionyang'anywa silaha, waliokuwa wamejihifadhi katika vituo vya Umoja wa Mataifa tangu Januari. Walipelekwa Kinshasa, na wake na watoto wao wakapanda nao katika misafara hiyo.